Paka na mbwa nyumba moja: namna ya kukomesha mikojo na vinyesi ndani

Swali huwa ni lile lile, maneno tu ndiyo yanabadilika. "Paka wangu hakuwa na shida, tangu tulete mbwa anakojolea nguo." "Mbwa nimemfundisha mwezi mzima, bado naamka nakuta kidimbwi sebuleni." "Zulia linanuka na sijui ni nani kati yao." Nimelijibu mara nyingi kwa vipande vipande, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja, kwa mpangilio, ili anayeanza asiruke hatua.

Jambo moja ulishike kabla hujaanza. Nyumba ikiwa na wote wawili, anayechafua mara nyingi siye chanzo. Paka anakojolea kitanda kwa sababu mbwa kakaa njiani. Ukimshughulikia aliyechafua peke yake, bila kuangalia mwenzake alikuwa wapi saa hiyo, utapiga deki mwaka mzima.

Hili nililiona kwa macho yangu. Paka wangu wa kike, mwenye miaka minne, alianza kukojolea tenga la nguo chafu chumbani. Beseni lake la mchanga, yaani choo chake cha ndani, lilikuwa safi, mwisho wa korido karibu na choo. Nikabadilisha mchanga, nikanunua beseni jipya, wapi! Usiku mmoja nikaketi kwenye kiti gizani, mlango wa chumba wazi. Kwenye saa tano na nusu akatoka, akaifuata korido akiambaa na ukuta. Mbwa alikuwa amejinyoosha katikati ya korido, kwenye sakafu ya baridi, kama kawaida yake siku za joto. Hakubweka wala hakuinuka. Aliinua sikio moja tu. Paka akasimama, mguu mmoja wa mbele ukiwa hewani, akabaki hivyo kama nusu dakika. Kisha akageuka, akapita karibu na miguu yangu, akaenda moja kwa moja kwenye tenga. Kesho yake nilihamisha beseni, nikaosha tenga. Hakulirudia.

Wala si lazima mbwa awe analala ndani. Nyumba nyingi kwetu mbwa ni wa uani, analetwa kwa ajili ya ulinzi na hufunguliwa usiku. Paka wa nyumba hiyo amezoea kutoka kwenda kujifukia kwenye bustani, hajawahi kuhitaji beseni. Siku mbwa mgeni anapofunguliwa uani, bustani imefungwa kwa paka kuanzia magharibi hadi asubuhi. Wenye nyumba wanasema paka kaharibika tabia. Hajaharibika, hana pa kwenda.

VITU VYA KUANDAA

- Mabeseni mawili mapana kwa paka mmoja. Kanuni ni idadi ya paka, ujumlishe moja. Beseni la plastiki la kufulia linafaa kabisa, mradi ukingo wake usizidi sentimita 10 hadi 15, na urefu wake uwe mara moja na nusu ya paka, kutoka puani hadi mkia unapoanzia.
- Mchanga laini usio na harufu. Wa dukani ukiupata ni vizuri. Usipoupata, mchanga wa ujenzi uliochekechwa unatosha. Usiuchukue kwenye lundo lililokaa nje wiki nzima, maana paka wa mtaani huwa wameshaligeuza choo. Chukua uliomwagwa sasa hivi.
- Upawa wa matundu uliostaafu jikoni, na glavu.
- Sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya (soma pakiti, huandikwa), siki nyeupe, na matambara ya kutosha.
- Tochi ndogo yenye mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti bandia.
- Kola na kamba ya mbwa ya mita 2.
- Vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa, au chochote ambacho mbwa wako angekifuata hadi kwa jirani.
- Ndoano au kipande cha kamba cha kuzuia mlango usifunguke zaidi ya unavyotaka.
- Daftari na kalamu. Wengi hulidharau daftari, na ndilo litakalokupa jibu.

HATUA YA 1: Ondoa shaka ya ugonjwa

Mnyama aliyekuwa msafi akabadilika ghafla, anza kwa daktari wa mifugo. Dalili za kukupeleka mapema: damu kwenye mkojo, kukojoa kidogo kidogo mara nyingi, kunywa maji kupita kawaida, kuhara, kukonda. Figo, kisukari, mawe ya kibofu na minyoo havitibiwi kwa kuhamisha beseni.

Moja ni dharura. Paka dume anayeingia na kutoka kwenye beseni, anachuchumaa, anajikamua, analia, na hakitoki kitu, huenda njia yake ya mkojo imeziba. Watu hudhani amefunga choo, wanampa mafuta na kusubiri. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Na usimpe panadoli kwa kumhurumia maumivu. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka.

Kwa mbwa, angalia jike aliyefungwa kizazi ambaye unakuta pale alipolala pameloa. Huyo hakojoi kwa kutaka, mkojo unamtoka usingizini. Dawa ipo, na kumkaripia ni kumwonea.

HATUA YA 2: Jua ni nani, wapi na saa ngapi

Watenganishe siku tatu. Paka akae chumba kimoja na beseni, chakula na maji. Mbwa akae sehemu nyingine. Asubuhi na jioni kagua kila upande. Usiku zima taa, pita na tochi ya zambarau: mkojo mkavu hung'aa rangi ya manjano inayoelekea kijani. Jiandae, utakuta madoa ambayo hukuwahi kuyajua, mengine ya zamani. Yazungushie chaki.

Alama zenyewe nazo husema:

Kidimbwi kikubwa katikati ya sakafu au karibu na mlango wa nje, mara nyingi ni mbwa aliyeshindwa kusubiri. Mchirizi mdogo kwenye mguu wa meza au chini ya pazia, ni mbwa dume anaweka alama. Mkojo kwenye vitu laini kama kitanda, nguo au mkeka, ni paka anayetafuta mahali pa kujisaidia kwa utulivu. Mkojo uliorushwa ukutani, usawa wa goti, wenye harufu inayochoma pua, ni paka anayeweka mipaka. Huyo hachuchumai kama anayekojoa. Husimama wima, anatoa mgongo kwa ukuta, mkia unatetemeka.

Kwenye daftari chora safu nne: saa, mahali, kiasi, na mwenzake alikuwa wapi. Safu ya nne usiiache wazi hata mara moja. Baada ya wiki utaona mchoro wake.

HATUA YA 3: Safisha hadi pua zao ziridhike

Pua yako si kipimo. Harufu ikibaki kidogo tu, kwao pale bado ni choo.

Mkojo mbichi, kandamiza tambara kavu hadi lisinyonye tena; usisugue, utausambaza. Koroga sabuni ya unga yenye vimeng'enya, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji ya vuguvugu. Mwagia doa na ukingo wake, acha robo saa, futa kwa maji safi. Malizia kwa siki na maji nusu kwa nusu, kisha acha pakauke kabisa. Zulia, godoro na mito vitoe juani. Kwanza jaribu kwenye kona isiyoonekana usije ukachujua rangi. Sakafu ya saruji isiyo na vigae hunywa mkojo, hivyo rudia mara mbili au tatu kwa siku tofauti.

Onyo, na hapa ndipo wengi hukosea: usimwage jiki kwenye mkojo. Mkojo una amonia, na klorini ikikutana nayo hutoa hewa yenye sumu inayobana kifua, yako na yao. Sabuni zenye amonia nazo ziache, kwa paka zinanuka kama mkojo wa mwenzake na zitamwita arudi. Zile dawa za kuua vijidudu ambazo ukizitia maji zinageuka nyeupe kama maziwa, usipigie deki anapopita paka. Ini lake haliwezi kuzivunja, na atazilamba akijisafisha miguu.

HATUA YA 4: Mpe paka njia, si beseni tu

Hii ndiyo hatua yenyewe, nenda nayo polepole.

Jiinamishe hadi usawa wa macho ya paka, kwa kweli, piga magoti sakafuni. Anzia anapolala, tazama hadi lilipo beseni. Hesabu anapita mbele ya nini: mbwa amelala wapi, bakuli la mbwa liko wapi, mlango gani hufungwa usiku, kona ipi haonekani kilichoko nyuma yake. Paka akiwa kwenye beseni hawezi kupigana wala kukimbia kwa haraka, na anajua hivyo. Atachagua mahali anapoona mlango na penye njia mbili za kutokea. Beseni lililosukumwa kwenye kona nyuma ya mashine ya kufulia linakupendeza wewe. Kwake ni mtego.

Weka mabeseni mawili sehemu mbili tofauti za nyumba. Yakiwa pamoja, kwa paka ni beseni moja, na mbwa mmoja anayaziba yote. Yawe mbali na chakula chake.

Kisha mzuie mbwa asifike huku paka akipita. Njia ninazoziamini:

Mlango wa chumba uliofungwa kwa ndoano au kamba ukaacha uwazi wa sentimita 12 hivi. Paka wa kawaida anapita, mbwa wa kimo cha kati na kuendelea hapiti. Ni rahisi na haina gharama.

Kizuizi cha mbao mlangoni kilichoinuliwa kutoka chini, paka apite uvunguni. Fundi seremala wa mtaani anakitengeneza kwa siku moja.

Kwa mbwa mdogo anayepita kila anapopita paka, inua beseni: juu ya meza imara, na kiti cha kupandia. Hii haifai paka mzee au mwenye maumivu ya viungo.

Mabeseni yenye kifuniko na tundu moja sikushauri kwenye nyumba yenye mbwa. Mbwa anakaa tunduni, paka anatoka puani pake. Ikitokea mara moja tu, paka hatalirudia.

Mchanga uwe na kina cha sentimita 5 hadi 7. Ondoa kinyesi na sehemu zilizoloa asubuhi na jioni. Mchanga usioganda madonge ukiloa, kama wa ujenzi, umwage wote mara moja au mbili kwa wiki, osha beseni kwa sabuni isiyo na harufu kali, anika. Paka aliyezoea bustani mwanzoni mchanganyie udongo wa bustani, siku zikienda punguza udongo ongeza mchanga.

Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vijidudu vya toksoplasma, ambavyo ni hatari kwa mimba. Vinahitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana kutoa uchafu kila siku kuna maana zaidi ya harufu. Mama mjamzito asiifanye kazi hii. Ikibidi, avae glavu na anawe kwa sabuni.

Kwa nyumba ya mbwa wa uani: paka aingizwe kabla mbwa hajafunguliwa, apewe beseni ndani kila usiku, hata kama mchana bado anatumia bustani.

HATUA YA 5: Mbwa awe na saa zake

Mbwa hajui kwamba ndani si choo. Anajua alipowahi kujisaidia na kilichofuata. Kwa hiyo mpe nafasi nyingi za kufanya sahihi, na umzuie asipate nafasi ya kukosea.

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili mtoe kila baada ya saa mbili mchana, na mara moja au mbili usiku. Wa miezi minne anaweza kufika saa nne. Mbwa mzima apate angalau mara nne kwa siku. Ongeza hizi kila mara: akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Ratiba ya nyumbani inaweza kuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa sita, saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Chakula nacho kiwe kwa saa. Bakuli linaloshinda limejaa linakunyima uwezo wa kukisia atatoka lini.

Mtoe kwa kamba, mahali palepale kila siku, simama kimya. Akimaliza tu, maini mdomoni papo hapo, ukingali nje. Ukingoja hadi mrudi ndani, unamlipa kwa kuingia ndani.

Ukimkuta anaanza ndani, mwite kwa sauti ya kawaida, mtoe, amalizie nje, mpe zawadi. Ukikuta kimeshafanyika, safisha, ondoka. Kumpiga, kumburuta, kumsugua pua kwenye mkojo: acha kabisa. Anachojifunza ni kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, na kuanzia hapo atajificha nyuma ya sofa. Lipo jingine ambalo watu hawaliwazi: paka anasikia kelele hizo. Mbwa akipigwa sebuleni, paka anakaa chini ya kitanda masaa, na anajisaidia hukohuko. Umeondoa doa moja, umepata mawili.

HATUA YA 6: Wakutanishe upya

Wiki ya kwanza wakutane mbwa akiwa kwenye kamba, amelala au ameketi. Kila akimwangalia paka kisha akakugeukia wewe, mpe kipande. Paka awe na mahali pa juu pa kupanda, hata kabati lililosafishwa juu. Anayekaa juu anapumua. Dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, zinatosha. Mbwa akiganda, macho yamemkazia paka na mdomo umefungwa, maliza mapema kabla hajaruka.

Kitanda cha mbwa kihamishe kitoke kwenye njia uliyoikagua hatua ya 4. Ukifanya hili tu, nyumba nyingine hupona.

HATUA YA 7: Fungua nyumba chumba kwa chumba

Siku saba mfululizo bila ajali, fungua chumba kimoja zaidi. Ajali ikitokea, rudi chumba kimoja nyuma, usirudi mwanzo. Hesabu wiki tatu hadi sita. Watu huchoka wiki ya pili, mambo yakishaanza kunyooka, wakafungua milango yote siku moja.

IKIKWAMA

Paka dume anarusha mkojo ukutani. Kama hajahasiwa, anza hapo. Madume wengi huacha au hupunguza sana, ingawa huchukua wiki kadhaa. Kama amehasiwa, tazama dirishani: mara nyingi kuna paka wa nje anayepita. Ziba kioo sehemu ya chini kwa karatasi.

Paka anakojolea kitanda changu tu. Kitanda kiko juu, ni laini na kina harufu yako, anajiona salama. Funga chumba wiki mbili, ukiweka beseni la tatu karibu na mlango wake. Halafu rudia hatua ya 4, kuna njia hujaiona.

Anakojolea kwenye beseni, kinyesi anaweka pembeni. Mara nyingi beseni ni dogo, au uchafu umekaa. Ongeza upana, ongeza beseni. Kama kinyesi ni kigumu au analia akienda, daktari.

Mbwa anakojoa nikifika nyumbani, huku amejikunyata. Hiyo ni heshima na hofu, au furaha iliyozidi kwa mtoto wa mbwa. Ingia bila kumwinamia wala kumwangalia machoni, nenda nje moja kwa moja, msalimie huko. Ukimgombeza inazidi.

Mbwa anachafua nikiwa nimetoka tu, na kukwaruza mlango. Huyo anaogopa kuachwa. Mzoeze kwa dakika chache chache, ukiongeza taratibu, na umwambie daktari.

Masika mbwa hataki kutoka. Mtengenezee choo chini ya upenu au barazani: fremu ya mbao, udongo na majani kutoka mahali alipozoea, eneo la mita moja kwa moja. Mzoeze kabla mvua hazijaanza.

Mbwa anakula kinyesi cha paka. Ni kawaida kwa mbwa, lakini anaweza kupata minyoo, na mchanga unaoganda unaweza kumziba tumbo. Kumfokea hakusaidii kwa sababu kinyesi chenyewe ndiyo zawadi. Mzuie asifike beseni, toa uchafu mapema, wote wapewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari.

Mbwa anakojolea beseni la paka. Anaweka alama juu ya harufu. Liondoe hilo usilioshe tu, weka jipya mahali asipofika.

Ilitulia miezi kadhaa, imerudi. Kagua ugonjwa kwanza. Kisha jiulize nini kimebadilika ndani ya wiki mbili zilizopita: mgeni, mtoto mchanga, sofa jipya, dada wa kazi mpya anayefunga mlango ule wa sentimita 12 usiku kwa sababu hakuambiwa. Mwonyeshe ndoano inavyowekwa, na ubandike karatasi mlangoni.